Kiwanja kimoja, vyumba vinne: mwongozo kamili wa kuanza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba za kupangisha

Dar es Salaam kila mtu ana kiwanja cha kukuuzia. Bodaboda anacho, mama wa chakula anamjua mzee anayeuza Chanika, na kazini hakosekani yule anayekuambia mwenye mali ana shida, anataka hela ndani ya wiki hii. Cha kununua kipo tele. Anayeanza hukwama kwingine: hajui anauziwa nini hasa, na hajapiga hesabu kama kitamlipa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kipato cha kawaida, mwajiriwa au mfanyabiashara mdogo, anayetaka kununua kiwanja chake cha kwanza Dar es Salaam au mkoa wa Pwani na kujenga vyumba vya kupangisha. Maghorofa ya Masaki tuwaachie wenyewe. Msimamo wangu ni huu: chagua mtaa unaoweza kuufikia kwa daladala, toa hela ya nyaraka kabla ya hela ya tofali, na usichimbe msingi kabla hujajua vyumba vya jirani vinapangishwa shilingi ngapi.

Hatua ya 1: Jua unanunua haki ya aina gani

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua wewe ni haki ya kuikalia na kuitumia, na haki hiyo ina madaraja.

Juu kabisa kuna hati miliki, inayotolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwenye eneo lililopangwa na kupimwa. Chini yake kuna barua ya toleo, ambayo ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Mitaa ya mjini iliyojengwa bila kupimwa hupewa leseni ya makazi, ya muda mfupi na ya kuhuishwa. Vijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, nayo inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka. Mwisho kuna kile ambacho pengine ndicho utakachooneshwa zaidi ukianza kuzunguka Kivule, Chamazi au Goba ya ndani: karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye saini za mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa.

Karatasi hiyo ina thamani yake, lakini ijue mipaka yake. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu wawili wameuziana mbele ya mwenyekiti. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Ukinunua eneo la namna hii, bei yake lazima iwe chini ya bei ya kiwanja chenye hati, na tofauti hiyo uihesabu kuwa ni gharama ya urasimishaji, yaani kupimiwa na kutafuta hati, inayokusubiri. Anayekuuzia eneo lisilopimwa kwa bei ya lililopimwa anakuuzia kazi yake uifanye wewe.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kwa kumfikiria mpangaji

Wengi huanza na kiwanja, ndipo wamtafute wa kupanga. Geuza mpangilio huo. Jiulize nani analala wapi, na kwa nini. Hospitali ya Mloganzila inahitaji wauguzi na inasomesha wanafunzi, na watu hao hutafuta vyumba Kibamba na Kwembe. Stendi ya Magufuli ya Mbezi Luis, iliyofunguliwa mwaka 2021, imeleta mawakala wa tiketi, makuli, mama lishe na wenye maduka. Viwanda vya Kibaha na Mkuranga vina vibarua wanaotaka chumba cha bei ndogo karibu na geti. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani anataka intaneti na maji. Fundi wa Mbagala anataka kushuka kwenye basi na kufika nyumbani kwa miguu.

Ukishachagua eneo, nenda kama mpangaji. Ongea na madalali wawili watatu na uangalie vyumba vilivyo wazi: chumba kimoja cha choo cha nje ni bei gani, chumba na sebule je, masta (chumba chenye choo chake ndani) yenye jiko je? Wanataka pango la miezi mitatu au sita? Vyumba vilivyo wazi vina muda gani tangu vikae tupu? Swali hili la mwisho dalali hulikwepa. Muulize mwenye duka la jirani, yeye hana cha kupoteza.

Jihadhari na bei inayopandishwa na habari za mradi. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 Kigamboni ilisogea mjini kweli. Lakini eneo hilohilo, mwaka 2008 serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya, wenye maeneo walizuiwa kuyaendeleza, na hali hiyo ikavutana kwa miaka. Ukisikia "hapa panakuja mradi", uliza swali la pili: unapita juu ya kiwanja chako au kando yake?

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kupenda

Chukua kalamu. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka za mtaa wako.

Tuseme kiwanja ni shilingi milioni 8. Nyaraka, mpima na wakili milioni 2. Vyumba vinne vya masta, kila kimoja na choo chake, pamoja na karo (shimo la maji taka), umeme na maji, milioni 30. Jumla milioni 40. Pango ni laki moja kwa chumba, yaani 400,000 kwa mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka.

Hapo ndipo wengi huishia, wakashangilia. Endelea. Kila chumba kitakaa tupu walau mwezi mmoja kwa mwaka: toa 400,000. Kodi ya serikali kwenye pango, kwa asilimia 10 ya ulichopokea: toa 440,000. Bomba, kitasa, bati linalovuja, karo la kunyonya: toa 400,000. Rangi kila mpangaji anapotoka: toa 200,000. Umebakiwa na 3,360,000. Gawanya kwa milioni 40, unapata asilimia 8.4 kwa mwaka. Hela yako itarudi baada ya miaka 12 hivi.

Sasa rudia hesabu ukiweka pango la 70,000. Utabaki na kama milioni 2.2, na miaka inafika 18. Shilingi elfu 30 kwa chumba, ambayo kwenye mazungumzo na dalali inaonekana ni kitu kidogo, imekula miaka sita ya maisha yako.

Linganisha matokeo hayo na hatifungani za serikali au vipande vya mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambavyo havipigi simu usiku kukuambia maji yamekatika. Nyumba ina faida zake: pango hupanda, ardhi nayo hupanda, na mali unaiona kwa macho. Ila kupanda kwa thamani ya ardhi huingia mfukoni siku unapouza, kabla ya hapo ni maneno. Hesabu ikikataa, usiilazimishe. Punguza bei ya kiwanja, punguza ujenzi au hama mtaa.

Hatua ya 4: Hela itoke wapi

Nitakuwa mfupi hapa. Kiwanja cha kwanza nunua kwa akiba. Mkopo wa nyumba wa benki una riba ya tarakimu mbili na unadai hati safi, kitu ambacho anayeanza hana. Mkopo wa mshahara kwa ajili ya kununua eneo lisilopimwa ni kuanza kulipa riba leo kwa mali isiyoingiza chochote. Akiba yako usiiweke kwenye akaunti ya matumizi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, SACCOS ya kazini, au kikoba chenye katiba inayoeleweka vinakusaidia usiiguse.

Kama akiba ni ndogo, zipo njia za kuingilia pembeni. Una nyumba ya familia yenye uani mkubwa? Vyumba viwili vya uani havihitaji kununua ardhi, ila andikishaneni na ndugu zako kwanza nani atapokea pango. Unaweza kununua pagale, nyumba iliyoishia kwenye linta kwa sababu mwenyewe aliishiwa. Mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini kuliko kuanza upya, mradi msingi na kuta zikaguliwe na fundi usiyemjulisha kwa muuzaji. Viwanja vya kulipia kidogokidogo kwenye kampuni vinawafaa wasiojua kuweka akiba. Hapo dai kuona ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na nyaraka za shamba mama, lile shamba zima lililokatwa viwanja, na mkataba useme wazi hati itatoka kwa jina la nani, lini, na ukishindwa kulipa katikati utarudishiwa nini. Halmashauri nazo huuza viwanja vilivyopimwa, na siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI.

Kununua kwa ubia na rafiki kunawezekana, lakini majina yote mawili yawe kwenye mkataba na kwenye hati. Urafiki ni mzuri, karatasi ni nzuri zaidi.

Hatua ya 5: Kagua kiwanja, uwanjani na ofisini

Hapa ndipo hela ya wanaoanza inapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza uwanjani. Eneo lisilopimwa huuzwa kwa hatua za miguu: "20 kwa 20". Tazama anayepima. Muuzaji mfupi, mwenye haraka, hatua yake inaweza kuwa sentimita 80. Hatua 20 zake ni mita 16. Kiwanja ulichodhani ni mita za mraba 400 kumbe ni 256, na zaidi ya theluthi ya hela yako imeyeyuka kwenye majani. Nenda na futi kamba ya mita 50 na mtu wa kushika upande wa pili. Mkataba uandike mita, wala si hatua.

Kiwanja kilichopimwa kina bikoni kwenye kona, nondo iliyosimikwa kwenye zege na kupewa namba. Dai kuziona zote, hata kama inabidi kufyeka. Kisha mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aje na kifaa chake alinganishe zilipo na zinapotakiwa kuwa kwenye ramani. Bikoni huhamishwa. Kuna viwanja ambavyo hati ni halali kabisa, muuzaji ni halali kabisa, ila alichokuonesha ni kiwanja cha jirani.

Wapitie majirani wa pande zote bila dalali. Usiwaulize "hili eneo lina mgogoro?" kwa sababu watakujibu hapana ili wasiingie kwenye ugomvi wa watu. Uliza nani alikuwa analima hapa, nani alijenga kile kibanda, mzee mwenyewe anaishi wapi siku hizi. Historia ikiwa na mtu wa tatu ambaye muuzaji hakumtaja, umeshapata kazi ya kufanya. Kumbuka sheria ya ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani, na aliyeikalia bila kusumbuliwa kwa muda huo si wa kupuuzwa hata kama hana karatasi.

Rudi tena kipindi cha masika. Wenyeji wa bonde la Msimbazi wanajua mvua inafanya nini. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali ilihamishia waathirika Mabwepande, na baadaye mradi wa bonde hilo ukaanza kulipa fidia na kuhamisha wengine. Kuna mabonde madogo ya namna hiyo kila kata, hayana jina kwenye habari. Angalia alama ya maji kwenye kuta za jirani, na nyumba ambazo ngazi yake ya mlangoni iko juu kuliko kawaida.

Halafu pima umbali na barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na zipo barabara zenye hifadhi pana zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi, zikiwemo za watu waliokaa hapo miaka mingi. Ukuta wenye X nyekundu hauhitaji maelezo. Ufukweni na kando ya mito, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe. Ukiona kiwanja cha bahari kwa bei ya Mlandizi, mbali na bahari, umeshajua sababu.

Sasa ofisini. Nenda kwa afisa mipangomiji wa halmashauri ukaone mchoro wa eneo. Matumizi ya kiwanja yameandikwa kwenye mchoro: makazi, biashara, shule, eneo la wazi. Maeneo ya wazi na ya shule huuzwa kila siku na watu wenye nyuso za heshima. Kama kiwanja kina hati, omba upekuzi rasmi, ile sechi, kwa Msajili wa Hati. Majibu yanakuja kwa maandishi, yakionesha mmiliki aliyesajiliwa, muda uliobaki, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu. Usikubali kuoneshwa upekuzi uliofanywa na muuzaji. Lipia wako. Uliza pia pango la ardhi, lile linalolipwa serikalini kila mwaka, limelipwa hadi mwaka gani, maana deni linaifuata ardhi, halimfuati aliyeondoka.

Halafu mwangalie muuzaji mwenyewe. Kama ni mke au mume, mwenzake aweke ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa kimyakimya, na mauzo yanaweza kutenguliwa mahakamani. Akikuambia tuliachana, omba karatasi ya talaka na amri ya mgawanyo wa mali. Kama ardhi ni ya mirathi, mtu pekee mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo karatasi yake ni Fomu namba 4. Ukishaiona, nenda mahakama iliyoitoa ukathibitishe namba ya shauri, kisha kaa na warithi wote watie saini. Kaka mkubwa anayesema "mimi ndiye msemaji wa familia" hana mamlaka yoyote hapo. Kama anauza kwa niaba ya mtu aliye safari, dai hati ya uwakilishi (power of attorney) iliyosajiliwa, na uongee na mwenye mali kwa simu ya video akiwa ameshika kitambulisho chake.

Kijijini utaratibu ni mwingine: ardhi iko chini ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake chini ya mwembe hauzi ardhi ya kijiji. Omba muhtasari wa kikao.

Ukaguzi huu wote utakuchukua wiki kadhaa, na dalali atakuambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela taslimu. Mwache aje.

Hatua ya 6: Lipa kwa namna inayoacha alama

Tafuta wakili wako, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Jina lake lithibitishe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wenye mihuri ni wengi. Mkataba utaje majina kamili na namba za NIDA, ukubwa kwa mita, mipaka minne na majirani wake, namba ya kiwanja na kitalu kama kipo, bei, awamu za malipo, na kifungu cha kurudishiwa hela ardhi ikibainika kuwa na mwenyewe mwingine. Ambatanisha mchoro na picha za pande zote mkiwa mmesimama uwanjani.

Hela ipite benki, kwenye akaunti ya jina lilelile lililo kwenye mkataba. Usimalize kulipa. Bakiza sehemu yenye uzito, tuseme asilimia 20 au 30, ya kulipwa siku nyaraka za kuhamisha zinapotiwa saini. Muuzaji aliyelipwa yote simu yake huanza kuwa na mtandao mbovu.

Kuhusu asilimia 10 ya mtaa: ofisi nyingi hudai sehemu hiyo ya bei ili kushuhudia mauziano, na wanunuzi hulipa ili mambo yaende. Ni mazoea tu. Omba kuoneshwa kanuni inayoitaja na udai risiti ya serikali. Mara nyingi kiasi hushuka haraka sana.

Hatua ya 7: Hamisha jina

Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho hufanywa kwa Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, zikiambatana na mkataba, picha, hati yenyewe na taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muuzaji anadaiwa na TRA kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Mnunuzi kwa kawaida hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za usajili.

Sikiliza vizuri muuzaji anaposema "mimi nataka hela yangu mkononi". Anamaanisha kodi yake utailipa wewe. Si dhambi kukubali, ila iingize kwenye bei kabla hamjapeana mikono. Na kuanzia siku hiyo tunza kila risiti ya kiwanja na ya ujenzi, kwa sababu siku utakapouza, ndizo zitakazopunguza faida inayotozwa kodi.

Eneo lisilopimwa halina cha kuhamisha kwa Msajili. Unachofanya ni kujiunga na zoezi la urasimishaji la mtaa kama lipo, au kuungana na majirani kulipia mpima. Usisubiri. Weka uzio mwepesi, panda michongoma, jenga kibanda, weka mtu. Eneo tupu huuzwa mara mbili.

Aliye Muscat, London au Minneapolis aongeze tahadhari. Kwa kanuni ya jumla ya Sheria ya Ardhi, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo kama ulishachukua pasipoti nyingine, pata maelezo ya Wizara ya Ardhi kwa maandishi kabla ya kutuma hela. Kununua kwa jina la mdogo wako bila andiko lolote ni kumnunulia mdogo wako.

Hatua ya 8: Jenga vyumba vinavyopangishika

Chukua kibali cha ujenzi halmashauri. Kisha jenga kwa awamu zinazoweza kuingiza hela: vyumba viwili vilivyokamilika hadi rangi ni bora kuliko boma la vyumba sita linalonyeshewa. Chora ramani nzima tangu mwanzo ili vyumba vya awamu ya pili visije kukosa njia ya maji taka.

Tofali ndilo jambo la kusimamia. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, nao hula kama tofali 110 za kawaida za futi moja na nusu kwa inchi 9. Fundi akiagiza 160, muulize zinakwenda wapi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 za inchi 6, tofali zinakuwa na nguvu. Kuna wanaovuta mpaka 45, na zile ukizishika kwenye kona zinabaki na wewe mkononi. Zimwagilie maji siku saba. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi vikwepe kwenye zege, kwa sababu chumvi hula nondo ikiwa ndani, na hutaona mpaka linta ipasuke. Dar visima vya chumvi ni vingi, yaonje kabla ya kuyachanganya.

Fundi mlipe kwa hatua ya kazi: msingi, kuta mpaka linta, kupaua, lipu. Vifaa nunua mwenyewe, na mifuko ihesabu asubuhi na jioni.

Mambo matatu humleta mpangaji na kumfanya abaki: choo chake mwenyewe, LUKU yake mwenyewe, na tangi la maji juu ya nguzo. Mita moja ya umeme kwa vyumba vinne ni ugomvi wa kila Jumamosi kuhusu nani ana friji na nani anapiga pasi. Kama TANESCO inachelewa kukufungia mita zote, weka sabmita, mita ndogo ya kila chumba, tangu siku ya kwanza. Jipsamu na taa za rangi ziache kwanza. Zinaongeza gharama, na kwa vyumba vya daraja hili haziongezi pango.

Hatua ya 9: Pangisha kama biashara

Mkataba wa maandishi kwa kila mpangaji, hata akiwa shemeji. Uwe na jina, NIDA, namba ya ndugu wa karibu, kiasi cha pango, tarehe ya kulipa na muda wa notisi. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, bila hivyo utapata taabu kuutumia kama ushahidi. Mpeleke mpangaji mpya akajiandikishe kwa mjumbe au serikali ya mtaa. Piga picha chumba kabla hajaingia.

Pango la miezi sita kwa mkupuo linapendeza, ila vibarua na wanafunzi hawalimudu. Chumba kinachokubali miezi mitatu hujaa haraka, na mwisho wa mwaka hesabu yake huwa nzuri zaidi ya kile kilichosubiri mwenye miezi sita. Pandisha pango kwa taarifa ya mapema, na kwa mpangaji mpya zaidi ya wa zamani. Mpangaji anayelipa tarehe yake na kufagia uani ana thamani kuliko elfu kumi ya ziada.

Asiyelipa mwandikie notisi, mshirikishe mwenyekiti, na ikishindikana fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumng'olea mlango au kutupa vyombo vyake nje kunakugeuza wewe kuwa mshitakiwa, na bado deni hutalipata.

Upande wa serikali, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Nyumba moja yenye mita kadhaa ikikatwa kwenye kila mita, nenda na namba za mita zote kwenye ofisi inayosimamia kodi hiyo wakurekebishie. Pango la ardhi lipia kila mwaka kwa namba ya malipo ya Wizara ya Ardhi. Mpangaji wako akiwa kampuni au mfanyabiashara anayetumia chumba kwa biashara, sheria inamtaka akate asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Dai cheti cha makato hayo, usije ukatozwa mara mbili.

Fungua akaunti ya pango peke yake, wapangaji wote walipe humo. Baada ya miaka miwili mitatu ya taarifa safi za benki, pamoja na hati yenye jina lako, ukienda kuomba mkopo wa vyumba vya awamu ya pili afisa mikopo atakuwa na kitu cha kusoma.